Tani za Mawe, Tani za Dhahabu: Uhakiki wa Lugha ya Taarifa za Madini

Mwezi Juni mwaka 2022 Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini ya Uganda ilitangaza, kupitia msemaji wake, kwamba uchunguzi uliofanywa nchini ulikuwa umeonyesha kuwapo kwa tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu, na kwamba mawe hayo yangeweza kutoa tani 320,158 za dhahabu safi. Habari hiyo ilizunguka dunia kwa siku chache. Wapo waliochukua tarakimu ya pili wakaizidisha kwa bei ya sokoni, wakapata matrilioni ya dola. Hapa Kampala, katika teksi za kutoka Wandegeya kwenda mjini, watu waliulizana kama deni la taifa litalipwa lote au nusu tu.

Ndugu msomaji, huenda utashangaa kuona habari ya wanajiolojia katika jarida dogo la walimu wa Kiswahili. Hata sisi hatukuwa na nia ya kuingia katika shamba la wenyewe. Lakini tuliikusanya habari ile kama ilivyoandikwa kwa Kiswahili katika magazeti na mitandao, tukaipeleka darasani kwa zoezi la kawaida la tafsiri, na zoezi lile likatushinda. Tulitaka kuhakiki tafsiri ya habari moja tu, tukajikuta tunahakiki lugha nzima ya madini, ikiwamo ile tunayoifundisha wenyewe.

Kwanza tuitazame hesabu, maana lugha isiyojua hesabu ndiyo iliyoponza wengi. Dhahabu yote iliyochimbwa na wanadamu tangu zama za Mafarao hadi mwaka ule wa 2022 inakadiriwa kuwa tani 200,000 na ushei. Tangazo lilidai kwamba Uganda peke yake ina tani 320,158 chini ya ardhi yake. Tena ukigawanya tani hizo kwa tani milioni 31 za mawe, unapata zaidi ya kilo 10 za dhahabu katika kila tani ya jiwe. Jiwe la tani moja ni kama sanduku lenye upande wa sentimita 70 hivi. Kilo 10 za dhahabu ndani yake ni sawa na kuijaza chupa ya soda ya nusu lita. Hakuna mgodi duniani wenye jiwe la namna hiyo kwa mamilioni ya tani. Migodi mingi ya wazi huchimba kwa faida jiwe lenye gramu moja au mbili kwa tani, yaani dhahabu yenye ukubwa wa punje chache za mchele ndani ya sanduku lile lile.

Sasa badilisha kizio. Soma kilo 320,158 badala ya tani 320,158. Hapo unapata gramu 10 na kidogo kwa kila tani ya jiwe. Hicho ni kiwango kizuri sana, na ni kiwango kinachoaminika. Dhana yetu ni kwamba neno moja, kilo, lilipotea njiani na neno tani likakaa mahali pake. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliigundua hesabu hiyo kwa simu yake kabla ya sisi walimu kumaliza kusahihisha ngeli. Tunampongeza.

Kosa la kizio lilitokea kabla habari haijafika katika Kiswahili, na hatuwezi kumlaumu mfasiri kwa hilo. Lakini Kiswahili kiliongeza makosa yake. Katika baadhi ya matini tulizosoma neno "mawe" lilidondoka kabisa, ikabaki "tani milioni 31 za dhahabu". Katika nyingine tarakimu zote mbili ziliitwa "madini ya dhahabu", msomaji asijue ipi ni ya jiwe na ipi ni ya kitu chenyewe. Tuliwauliza wanafunzi wetu waeleze tofauti kati ya tarakimu hizo kwa kusoma Kiswahili peke yake. Darasa zima, walioweza ni wawili.

Hapo ndipo tulipolirudia neno mama, madini. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu na tumelibebesha mizigo mingi. Mwalimu wa kemia hulitumia kwa maana ya metali. Muuguzi wa kliniki huwaambia akina mama wajawazito wale mboga za majani kwa sababu zina madini ya chuma. Mwanasheria huliita madini karibu kila kitu chenye thamani kinachochimbwa, akiacha mafuta ya petroli ambayo yana sheria yake. Mwanajiolojia naye ana maana finyu kuliko wote: kitu kigumu cha asili, chenye muundo wa kemikali unaojulikana na mpangilio maalumu wa chembe zake. Kwake yeye ulanga ni madini, grafaiti ni madini, chumvi ya ziwa Katwe ni madini, lakini granaiti si madini bali ni mwamba, kwa kuwa ndani yake mna madini kadhaa yaliyoshikana. Basi mtu akisema "madini ya chuma ya Muko", anasema nini? Jiwe lenye chuma? Chuma chenyewe? Muktadha husaidia mara nyingi, lakini taarifa ya kitaalamu haipaswi kutegemea huruma ya muktadha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili kinalo neno la jiwe lenye madini ndani yake, jiwe linalostahili kusagwa ili kitu cha thamani kitolewe. Neno hilo ni mbale. Wachimbaji wadogo wa Tanzania hulitumia kila siku: mbale imetoka, mbale imesagwa, mbale haina kitu. Lau wafasiri wa habari ile wangeandika "tani milioni 31 za mbale ya dhahabu", nusu ya matatizo yangekwisha. Tulipolitaja darasani, kicheko kilizuka. Wanafunzi wetu walidhani tunasema habari ya mji wa Mbale ulio chini ya mlima Elgon, na mmoja akauliza kwa nini dhahabu yote iwe kwa Wamasaaba. Kicheko hicho ni onyo. Neno linaweza kuwa zuri na bado likahitaji kufundishwa, hasa katika nchi ambayo wengi hujifunza Kiswahili ukubwani, na ambako Mbale ni stendi ya basi kabla haijawa kitu kingine.

Neno la pili lililotusumbua ni mashapo. Katika taarifa nyingi za Tanzania utakuta "mashapo ya dhahabu", "mashapo ya makaa ya mawe", "mashapo ya nikeli", kwa maana ya mahali ambapo madini yamejikusanya kwa wingi chini ya ardhi. Hatukubaliani na matumizi hayo, ingawa tunajua kwamba yamekwisha kuota mizizi. Mashapo kwa Kiswahili cha kawaida ni kile kinachotuama chini ya chombo baada ya kimiminika kutulia. Kwa hiyo yanafaa sana kwa tope la ziwani na kwa mwamba unaotokana na tope hilo. Kwa makaa ya mawe yanaweza kuvumilika, kwani makaa yalianza kama mimea iliyolala katika vinamasi. Lakini dhahabu ya Busia imo katika mishipa ya mwamba, ilipitishwa humo na maji ya moto yaliyopanda kutoka chini kwenda juu. Bati la Mwirasandu, huko Ntungamo, lilitokana na vimiminika vya moto vilivyohusiana na granaiti. Hakuna kilichotuama hapo. Mfasiri aliona katika Kiingereza neno moja linalotumika kwa tope lililotuama, kwa fedha zilizowekwa benki na kwa madini yaliyojikusanya, akachukua maana ya kwanza iliyomjia.

Pendekezo letu ni limbiko, wingi malimbiko. Kulimbika ni kukusanya kidogo kidogo mpaka kiwe kingi, na hicho ndicho kilichofanyika ardhini kwa mamilioni ya miaka, iwe kwa maji ya moto, kwa mto au kwa volkano. Tunajua wenzetu wa Dar es Salaam na Dodoma watasema tumechelewa. Inawezekana. Ila neno lililozoeleka si lazima liwe limekwisha kuhakikiwa.

Ukitoka kwenye mashapo unaingia kwenye mtego mkubwa zaidi, ule wa kiasi. Wanajiolojia wa nchi mbalimbali wana kanuni za kutangaza kiasi cha madini, na kanuni hizo zimejengwa juu ya tofauti moja ambayo haina mchezo. Upande mmoja kuna kiasi kinachokadiriwa kuwapo ardhini kwa kufuata ushahidi, nacho hugawanywa katika madaraja matatu kadiri ushahidi unavyozidi kuwa wa karibu: kilichokisiwa, kilichoashiriwa, kilichopimwa. Upande wa pili kuna sehemu ya kiasi hicho ambayo imethibitika kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida, kwa bei, teknolojia na sheria zilizopo. Sehemu hiyo ina madaraja mawili, la yumkini na la hakika. Ardhi yaweza kuwa na mengi ya upande wa kwanza bila kuwa na hata tani moja ya upande wa pili.

Tunashauri upande wa kwanza uitwe rasilimali na wa pili uitwe akiba, na yeyote anayeandika asiyachanganye. Neno akiba linatufaa mno. Akiba ni kitu unachojua kilipo, unajua kiasi chake, na unaweza kukitoa ukikihitaji. Mtu hawezi kusema ana akiba ya mahindi kwa kuwa tu ameona shamba la jirani limestawi. Kinyume chake neno "hazina", ambalo waandishi wetu wanalipenda, linaleta picha ya sanduku la mfalme lililofukiwa, linalosubiri mwenye ufunguo. Kila tulipolikuta katika matini za habari ile tuliliwekea alama nyekundu.

Ili tusionekane tunakosoa bila kuonyesha mfano, tazameni Makuutu, katika Busoga. Huko udongo wa mfinyanzi umeshika elementi ambazo magazeti huziita "madini adimu". Makadirio yaliyotangazwa mwaka 2022 yalisema rasilimali ni tani milioni 532 za udongo, zenye wastani wa gramu 640 za oksaidi hizo kwa tani. Kati ya hizo, tani milioni 404 ziko katika daraja la kuashiriwa, na milioni 127 katika daraja la kukisiwa. (Ukijumlisha utapungukiwa na milioni moja, ni kwa sababu tarakimu zimekaribishwa.) Msomaji anapata kiasi cha udongo, kiwango kilichomo na kadiri ya uhakika. Akizidisha mwenyewe atapata tani 340,000 hivi za oksaidi, tarakimu inayofanana sana na ile ya dhahabu ya mwezi Juni, lakini hii mtu anaweza kuifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Hivyo ndivyo inavyoandikwa. Jina "madini adimu" nalo lina kasoro zake, kwa sababu mojawapo ya elementi hizo, seri, imeenea katika gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Kilicho adimu ni mahali zilipolimbikana kiasi cha kuchimbika. Hatuna jina bora kwa sasa.

Tuje kwenye vitenzi, ambako madhara humfika mtu wa kawaida moja kwa moja. Kampuni ikipata leseni ya kutafiti, huleta mtambo mrefu unaotoboa ardhi na kutoa vipande vya mwamba vyenye umbo la mche mwembamba, ambavyo hupelekwa maabara. Wanakijiji wakiuliza, wakalimani wengi hujibu kwamba "wanachimba". Kwa Kiswahili cha kila mtu kuchimba ni kuchimba: kuchimba shimo la choo, kuchimba mihogo, kuchimba dhahabu. Mwenye shamba akiambiwa kampuni imeanza kuchimba, huamini kwamba mali inatoka, na kwamba anadhulumiwa kila lori likipita. Mwingine huuza kiwanja chake haraka kwa bei ya kutupa kwa kuwa "wameshaanza". Kumbe mtambo ule unaweza kutoboa mashimo mia moja, na kampuni ikafungasha ikaondoka bila kutoa hata gramu moja ya kuuza.

Tanzania kitenzi cha kazi hiyo kipo: kuchoronga. Utakikuta katika taarifa za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ya Dodoma na za shirika la madini la taifa, STAMICO. Uchorongaji si uchimbaji. Vivyo hivyo sheria za madini, ikiwamo ile ya Uganda ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, hutenganisha leseni za hatua mbalimbali. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenga kwa vitenzi vitatu vinavyofuatana vizuri sana: kutafuta, kutafiti, kuchimba. Ukivichanganya, unachanganya haki za watu. Mwezi Agosti 2017 jeshi na polisi waliwaondoa maelfu ya wachimbaji wadogo katika machimbo ya Mubende. Ugomvi ule haukuwa wa maneno peke yake, ulikuwa wa dhahabu. Hata hivyo mtu asiyeelewa tofauti kati ya kuruhusiwa kutafiti na kuruhusiwa kuchimba, wala asiyejua kwamba Ibara ya 244 ya Katiba yetu imeweka madini mikononi mwa serikali hata kama shamba ni lake kwa hati, huyo anakwenda mezani akiwa amekwisha kushindwa.

Tanzania wenyewe walijifunza kwa gharama. Machi 2017 serikali yao ilizuia usafirishaji wa kile ambacho magazeti yote yaliita "mchanga wa dhahabu" au "mchanga wa madini". Makontena 277 yalizuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei mwaka huo kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ilimkabidhi Rais Magufuli ripoti iliyosema kwamba makontena hayo yalikuwa na wastani wa kilo 28 za dhahabu kila moja, yaani tani 7.8 kwa jumla. Kampuni husika ilizipinga tarakimu hizo vikali. Ugomvi uliendelea mpaka makubaliano ya Januari 2020 kati ya serikali na kampuni ya Barrick, ambayo yaliunda kampuni ya ubia ya Twiga.

Sisi hatuna la kuamua juu ya dhahabu hiyo. Kinachotuhusu ni neno. "Mchanga" ulikuwa tusi kwa akili ya msomaji. Ni mchanga gani huo unaovuka bahari kwenda kuyeyushwa? Kitu kilichokuwa ndani ya makontena kilikuwa ni mbale iliyokwisha kusagwa na kuchujwa, ikabaki unga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha. Wananchi waliposikia mchanga waligawanyika mara mbili. Wengine waliuliza kwa nini tugombane kwa ajili ya mchanga. Wengine waliamini kwamba nchi inabebwa kwa koleo, udongo wake pamoja na dhahabu yake. Kisha katika miezi ile ile likaibuka neno makinikia. Mwanzoni watu walilicheka, waliona ni neno la maprofesa. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye katuni, kwenye mizaha ya arusi. Tunalitaja kwa sababu kila tunapolalamika kwamba istilahi za sayansi hazishiki, wenzetu hutujibu kwamba watu wa kawaida hawapendi maneno mapya. Hulipenda neno ambalo limebeba kitu kinachowauma.

Sasa tugeukie vyanzo vyenyewe, maana tumesema habari za vijito tu. Data za kijiolojia za Uganda zina makao yake Entebbe, ambako Idara ya Jiolojia ilianzishwa mwaka 1919 chini ya E. J. Wayland. Ripoti za mwaka, ramani, daftari za uwandani, sampuli za mawe: vyote hivyo ni maktaba ambayo wasomi wachache wa lugha wamewahi kuifikiria. Wayland aliandika mwaka 1925 juu ya petroli ya Uganda, akionyesha mahali inapochuruzika yenyewe karibu na Ziwa Albert. Kisima kilichothibitisha mafuta ya kuuzika kilikuja mwaka 2006. Miaka themanini taarifa ilikaa ikisubiri. Mwaka 1961 J. W. Barnes alihariri kitabu The Mineral Resources of Uganda, na mpaka leo anayetaka kujua fosfeti ya Sukulu au shaba ya Kilembe huanzia humo. Ni kitabu kikavu, na ukavu wake tunausifu. Ambapo mwandishi alikuta dalili tu, aliandika dalili. Hakuna hazina katika kurasa zile.

Kati ya 2006 na 2008 ndege zilipima takriban asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikaachwa kwa ajili ya usalama mdogo wa wakati ule, ikaja kupimwa katika miaka ya 2020. Hapa tunaomba walimu watusikilize vizuri, kwani ndipo penye kiini cha kosa la 2022. Ndege haioni dhahabu. Vifaa vyake hupima sumaku ya miamba na mnururisho unaotoka kwenye potasi, urani na thori. Kutokana na vipimo hivyo mtaalamu hukisia aina ya mwamba, nyufa, na mahali panapostahili kutembelewa kwa miguu. Kisha huchukuliwa sampuli za udongo, kisha huchorongwa, kisha ndipo mtu athubutu kutaja tani. Tangazo lililoruka kutoka ndege hadi dhahabu safi liliruka ngazi zote za kati, na Kiswahili chetu kikaruka nalo, kwa sababu "utafiti umeonyesha" ni kauli inayofunika kila ngazi kwa blanketi moja.

Matunda ya kazi ile ya ndege na ya wachoraji wa ramani yalitoka mwaka 2014 katika kitabu kikubwa kilichochapishwa na taasisi ya jiolojia ya Finland, maelezo ya ramani ya Uganda ya kipimo cha 1:1,000,000. A. B. Westerhof na wenzake wameandika kazi ya heshima. Ni kitabu chenye subira. Kila mwamba umepewa umri wake na mashaka yake. Lawama yetu kwake ni moja, nayo si yake peke yake: kwa Mganda asiyesoma Kiingereza cha kitaalamu, kitabu hiki kuhusu nchi yake hakipo. Hakuna hata muhtasari wa kurasa kumi katika Kiswahili wala katika lugha nyingine yoyote ya hapa. Wenzetu wa Dodoma wanatoa kitabu na ramani ya madini yapatikanayo Tanzania kwa Kiswahili, orodha ya mkoa kwa mkoa na wilaya kwa wilaya, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kukifungua darasani. Si kazi kubwa ya kinadharia. Ni kazi ya manufaa, na sisi hatuna mfano wake.

Halafu kuna kichekesho kimoja ambacho kilitufurahisha na kutuumiza kwa pamoja. Majina yetu yanasafiri. Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza, alipochunguza lava za ajabu za kusini-magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1930 na 1940, alizipa majina ya mahali zilipotoka: katungaiti kutoka Katunga, mafuraiti kutoka kreta ya Mafuru, ugandaiti kutoka jina la nchi. Mwaka 1974 Sahama aliyaunganisha majina hayo matatu akapata kamafugaiti, na leo miamba ya Italia na Brazili huitwa kwa jina hilo. Ukanda mzima wa miamba yenye bati na wolframu unaitwa kwa Karagwe na Ankole. Mwanafunzi wa São Paulo anatamka Mafuru kila wiki, naye mwanafunzi wetu wa Kiswahili akitakiwa kueleza lava hizo kwa lugha anayosomea anakwama kwenye sentensi ya kwanza.

Je, lawama ni ya nani? Kamusi za TUKI, tangu ile ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, zilitengeneza njia kwa kemia. Jiolojia iliachwa ijitafutie. Huku Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022, mwezi mmoja tu baada ya tangazo la dhahabu, Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi walimu tulishangilia azimio la Julai na hatukusema neno juu ya tangazo la Juni. Tuliona la kwanza ni letu na la pili ni la wengine. Tunakiri pia kwamba miaka michache nyuma tuliombwa na mradi mmoja tusahihishe kipeperushi cha Kiswahili kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Tulisahihisha ngeli na alama za uandishi, tukapokea posho yetu. Juu ya ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi iliyosema kampuni "itachimba ili kujua kama kuna madini". Tuliipitisha bila kuigusa.

Kikundi cha istilahi cha wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu kimeanza kukusanya maneno ya machimbo ya Busia, ambako Waganda na Wakenya hukutana na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Wamekwisha kukubaliana juu ya mbale, kuchoronga, rasilimali na akiba. Juu ya limbiko walipiga kura, likashinda kwa kura moja. Juu ya mawe yanayobaki baada ya kusagwa na kutolewa dhahabu, ambayo Tanzania huitwa marudio, bado wanabishana, kwa sababu kijana mmoja wa Busia anasisitiza kwamba huko kwao hayarudiwi, hutupwa mtoni.

Wanaopenda kuchangia walete maneno yao, pamoja na sentensi waliyoyasikia yakitumika na mahali walipoyasikia. Tafadhali msilete neno "hazina".